Sura ya Saba: Kidole Kidogo cha Kasonia

Shahidi anayeletwa kwa jipu ya komanda ni shahidi wa kuangaliwa mara mbili. Inspekta Syauswa alikuwa amewaona wengi tangu vita vianze. Walikuja kwa miguu, walikuja kwa baiskeli, na mmoja aliwahi kuletwa mgongoni mwa mkwewe. Lakini huyu Paulin alishuka kutoka kiti cha mbele, pembeni ya dereva, na viatu vyake havikuwa na hata tone la matope. Butembo, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa elfu mbili, mvua ikinyesha kila alasiri, kiatu kisicho na matope kilikuwa kitu cha kuandikwa kwenye daftari. Syauswa akakiandika.

Komanda Gamaliel mwenyewe hakushuka. Aliongea kupitia dirisha la jipu.

"Inspecteur, saa kumi minarudi kumuchukua ule mupiga gitaa. Kama uko na maulizo, uliza mbio."

"Dossier bado iko wazi, mon commandant."

"Basi uifunge."

Jipu ikaondoka. Watu wa mjini walijua maana ya kuchukuliwa na Gamaliel. Kila mara, siku mbili baadaye, familia ilikwenda kambini kuuliza habari za mtu wao, ikapewa nguo zake zimekunjwa vizuri. Saa ya mkononi ya Syauswa ilionyesha saba na nusu. Alikuwa ametoka Beni alfajiri, nyuma ya pikipiki, kwa sababu hapa Butembo hakupatikana mpelelezi hata mmoja aliyekubali kuligusa jalada la kesi hii. Mgongo ulimuuma na alikuwa na hasira.

Kesi yenyewe ilisimuliwa kwa pumzi moja. Jumamosi, wakati kwaya ya kanisa la Kiprotestanti la mtaa wa juu inafanya mazoezi, mlinzi wa kanisa, mzee Ananie, alikutwa amekufa ndani ya bureau, ofisi ndogo ya nyuma. Alipigwa kichwani kwa manivela, kile chuma cha kuwashia jenereta. Ndani ya bureau hiyo kulikuwa na vitu viwili vya maana. Kimoja kilikuwa foni, redio ambayo parokia zilisalimiana nayo kila siku. Cha pili kilikuwa ampli, kikuza sauti cha gitaa. Wazee wa kanisa walilalamika kwamba inawatoboa masikio, basi Ananie akaihamishia huko nyuma na kupitisha waya kwenye tundu la ukuta. Kasonia, mpiga gitaa, alikasirika. Jumapili iliyotangulia alimwambia mzee mbele ya waumini wote, "Muzee, utaona." Sasa mzee ameuawa, na Kasonia amefungwa pingu.

Syauswa alimketisha Paulin kwenye benchi la kwanza la kanisa. Paulin ndiye aliyekuwa operatari wa foni, kijana wa miaka thelathini, mpole, mwenye sauti ya kusoma matangazo.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Inje, chef. Chini ya toiture, karibu na mulango ya nyuma. Nilikuwa najikinga na mvua."

"Hukuingia bureau?"

"Kufanya nini? Batterie ya phonie ilikufaka tangu Alhamisi."

"Ulimuona Kasonia akiingia?"

"Kuona, hapana. Nilisikia." Paulin akainamisha kichwa kama mtu anayeona haya kumsema mwenzake. "Gitaa ilikuwa inakwaruza. Kisha ikakuwa claire, safi. Ikakwaruza tena, ikakuwa claire tena. Mara tatu, chef. Sasa ampli, ili itoke kwa kukwaruza ikuwe claire, lazima mutu aende kufinya bouton yake. Na ampli iko mu bureau. Donc Kasonia aliingia mule mara tatu. Mara ya tatu alikawia."

"Na kwaya nzima haikumuona akitoka?"

"Wakati ya kuimba maombi banafungaka macho, chef. Bote."

Hilo lilikuwa kweli. Hata Syauswa, aliyefukuzwa kwaya tatu kwa sababu ya sauti yake, alijua kwamba hufungwa macho. Alijua pia habari ya kitufe. Mpwa wake kule Beni alikuwa na ampli ya Kampala, ya transista, na kila alipotaka kuondoa makwaruzo aliinuka kwenda kukibonyeza, akikanyaga vyombo vya mama yake njiani. Maneno ya Paulin yalikuwa sawa kabisa. Syauswa hakupenda maneno yaliyo sawa kabisa, hasa yakifika kwa jipu. Akamtuma Paulin akangoje chini ya baraza pamoja na polisi mmoja, na akaagiza Kasonia aletwe.

Kasonia aliingia akichechemea. Mdomo ulikuwa umevimba upande mmoja. Nyuma yake alikuja Florentine, kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye kitenge cha kanisa, ambaye hakuna aliyemwita wala aliyethubutu kumzuia.

"Mimi sikutokaka fasi yangu," Kasonia alisema kabla hajaulizwa. "Hata hatua moja."

"Basi sauti ilibadilika namna gani?"

"Na kidole."

"Kidole gani?"

Kasonia akanyanyua mikono yote miwili, kwa kuwa pingu haikumruhusu kunyanyua mmoja, akaonyesha kidole kidogo cha mkono wa kuume. Polisi aliyemleta akacheka. Syauswa hakucheka. Alisema pingu ifunguliwe, gitaa liletwe na jenereta iwashwe.

Walingoja. Ampli ilikuwa ya zamani, iliyoachwa na wamisionari, sanduku zito la mbao lenye taa za kioo ndani yake, na Kasonia alieleza kwamba taa hizo lazima zipate moto kwanza. Mzee Ananie ndiye aliyekuwa akiiwasha kila mara. Alisimama mbele yake mpaka zote zinawaka nyekundu, ndipo alipotoka kwenda kukaa karibu na jenereta yake, kwa kuwa jenereta hiyo, groupe kama walivyoiita, ilikuwa na tabia ya kuzimika.

"Ugomvi wenu?"

"Nilikasirika, ni kweli. Lakini muzee alipenda ile ampli kunishinda, chef. Kama lampe moja inalegea, yeye njo anasikia wa kwanza."

Syauswa aliingia bureau na daftari lake. Asubuhi, kabla mtu hajagusa kitu, alikuwa ameandika: *ampli, kitufe kimoja tu cha sauti, kiko kwenye namba mbili.* Sasa akapiga kelele kupitia tundu la ukuta, "Iko kwa mbili! Niache hapo?"

"Mbili?" Kasonia alijibu kutoka kanisani. "Hapana! Ile ampli inakaaka paka kwa kumi, kumi tu! Weka kumi!"

Syauswa akaweka kumi. Akarudisha mkono mfukoni na kukaa kitako mbele ya lile sanduku, macho yakiwa kwenye kitufe, kama paka anayelinda tundu la panya.

Kasonia akapiga. Sauti iliyotoka ilikuwa na mchanga ndani yake, nene, inayokwaruza mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Kisha, bila mtu kugusa chochote ndani ya bureau, mchanga ukapotea. Ikabaki sauti safi, ndogo kidogo, iliyosikika nyuzi zote moja moja. Kisha mchanga ukarudi. Syauswa alitoka mbio kwenda kuchungulia. Kasonia alikuwa amesimama palepale, na kidole chake kidogo kilikuwa kimekunjwa juu ya kitufe cha gitaa lenyewe, kikikizungusha huku vidole vingine vikiendelea kupiga.

"Rudia."

Kasonia akarudia. Akafungua, mchanga. Akapunguza, safi.

"Hii ni ampli ya lampe, chef. Ukiipatia kidogo, inaimba. Ukiipatia mingi, inalia. Ile ya Kampala ukipunguza gitaa, inapunguza paka kelele tu, makwaruzo yake inabaki mule mule. Kwa hii, kazi yote iko hapa." Akakigonga kile kitufe kwa ukucha. "Juu ya nini niende kule nyuma?"

Ndipo Syauswa alipoona kosa la Paulin. Mtu aliyezoea ampli za siku hizi alisikia sauti ikibadilika na kufikiri kuna aliyetembea. Wazee wa kanisa walifikiri hivyo, Syauswa mwenyewe alifikiri hivyo. Lakini kosa si uongo, na kumtoa Kasonia kwenye mara tatu si kumtoa kwenye mauaji. Komanda angesema tu, "Basi aliingia mara moja." Saa ilikuwa nane na dakika arobaini.

Na kulikuwa na ile mbili.

"Kama inakaa siku zote kwa kumi," aliuliza, "nani aliiweka kwa mbili?"

Kasonia akatikisa kichwa. Florentine akageuza uso na kuanza kukunja ncha ya kitenge chake. Syauswa alimtazama mpaka jasho likamtoka mama wa watu.

"Mama Florentine, unaficha nini?"

"Mimi? Hapana, chef."

"Huyu mutu anapelekwa kambini saa kumi. Yeye eko sawa mutoto wa kwaya yako. Unaficha nini?"

Florentine akaanza kulia kwa sauti. "Eh Nyamuhanga, Mungu wangu! Iko cassette. Tulikuwa natia chants za kwaya mu cassette, tutume kwa bandugu ya Beni. Lakini mule ndani nilimutukana Kasonia. Nilimuita mujinga, chef, mu nyumba ya Mungu! Bazee bakisikia bataniweka mu discipline miezi tatu, bataninyanganya kwaya!"

Mama huyu angekubali kijana auawe ili wazee wasisikie neno "mjinga"? Hapana, hakuwa amekubali. Alikuwa tu hajajua kwamba kaseti ni kitu cha kumsaidia mtu. Hata hivyo Syauswa alikasirika, na alimwambia hivyo, kisha akamwambia aende kuileta mbio. Alikimbia kweli, na kitenge chake chote.

Waliisikiliza kwenye redio ya kaseti, watatu, vichwa vikigusana. Syauswa aliandika kila badiliko na dakika yake. Dakika ya sita, mchanga ukawa safi, kisha ukarudi. Ya kumi na moja, hivyohivyo. Ya kumi na tisa, hivyohivyo. Hizo ndizo mara tatu za Paulin.

Dakika ya ishirini na nne ilikuja mara ya nne. Kasonia alikuwa katikati ya kipande chake, pale ambapo gitaa linapaswa kulia kuliko mahali pengine pote, na sauti ikanywea ghafla, ikawa safi na ndogo kama ya gitaa la watoto. Ikasikika sauti ya Florentine, karibu kabisa na mikro ya kaseti: "Kasonia, fungua! Weye mujinga, fungua!" Na sauti ya Kasonia: "Nimefungua yote, mama! Nimefungua yote!"

Syauswa akarudisha kaseti nyuma na kuisikiliza tena. Mtu aliyekuwa akigusa ampli wakati huo hakuwa Kasonia. Kasonia alikuwa hapa mbele, akitukanwa, mbele ya waimbaji arobaini ambao bila shaka walikuwa wamefungua macho.

"Na hii ni nini?" aliuliza.

Chini ya gitaa, baada ya lile tusi, kulikuwa na kelele ndogo iliyokatika-katika: kwe, kwe-kwe, kwe. Ilinyamaza, ikarudi, ikanyamaza.

"Sawa sauti ya bata," Kasonia alisema. "Tulifikiri ni groupe inazimika."

Syauswa alirudi bureau, akasimama mbele ya ampli. Mtu anayepunguza kelele anataka kulala au anataka kusikia kitu kingine. Hapa hapakuwa na kitanda. Kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye ampli, juu ya rafu, ilikaa foni. Alitazama ndoano ya kuning'inizia mikro ya foni, kile chombo cha kusemea. Ilikuwa tupu.

"Mikro ya phonie iko wapi?"

"Iko na Paulin," Florentine alisema, akijifuta macho. "Analalaka nayo. Baoperatari bote beko vile, tangu kule Mbau mutu mumoja aliongea maneno yake na phonie ya kanisa. Mikro inatoka na operatari, inaingia na operatari. Hata pasta hawezi ongea kama Paulin haiko."

Syauswa akaliandika hilo. Aliweka kitufe cha ampli kwenye mbili, kama alivyokikuta, akawarudisha Florentine na Kasonia kanisani, gitaa lishikwe lisipigwe, akamwita Paulin.

"Nikopeshe mikro."

Paulin alisita, kisha akaitoa kwenye mfuko wa koti. "Batterie ilikufa, chef, nilikuambia."

"Tutaona."

Taa ndogo ya foni ikawaka. Paulin akasema batterie ikipumzika inapata nguvu kidogo. Syauswa akafinya mikro na kuanza kuhesabu, moja, mbili, tatu. Kando yake, ampli ya mzee Ananie ikaongea yenyewe: kwe, kwe-kwe, kwe.

"Ni ile ile!" Florentine alipiga kelele kanisani. "Chef, ni ile bata!"

Paulin akakaa kwenye kiti bila kuambiwa.

"Uliniambia mara tatu," Syauswa alisema. "Cassette iko na mara ine. Ile ya ine hukuihesabu, juu ulijua haiko Kasonia. Ni weye uliipunguza, sababu ilikuwa inapigia kelele masikio yako."

Paulin alitazama mikono yake. Ile sauti ya matangazo ilikuwa imemwisha.

"Muzee aliingia," alisema polepole. "Alisikia gitaa inakufa, akakimbia kutoka kwa groupe, manivela bado mu mukono. Akaniuliza, 'Lampe gani imeungua?' Paka vile tu. Mi nilikuwa naongea mu phonie. Alisikia yote."

Akilini Syauswa alimwona mzee huyo akiingia na mvua mabegani, akihofia taa zake za kioo. Mtu ameuawa kwa sababu alikuwa na masikio mazuri.

"Uliongea nini?"

"Saa ya kupita ya malori mbili. Kule chini ya Kanyabayonga."

Syauswa aliyajua malori hayo. Yalichomwa Jumamosi jioni, na watu ndani.

"Uliambia nani? Nani alikutuma?"

Paulin akageuza kichwa kuelekea mlango. Nje, jipu ilikuwa ikipanda mlima, na alikuwa ameisikia kabla ya inspekta.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Komanda Gamaliel alipitia kanisani na askari wawili, akamtazama Kasonia asiye na pingu, kisha akaingia bureau akamtazama inspekta.

"Eko wapi mutu yangu?"

"Kasonia hakuua, mon commandant. Ni Paulin. Iko preuve."

"Aa," Komanda alisema. "Basi nipatie Paulin."

Hakuuliza ushahidi gani. Hakuuliza kwa nini operatari amuue mlinzi, wala foni ilikuwa ikisema nini. Syauswa alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na saba na hakuwahi kumwona mtu ambaye hakuuliza kwa nini, isipokuwa yule anayejua tayari. Paulin alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili.

"Dakika kumi," Syauswa alisema. "Asaini procès-verbal, maelezo yake. Bila signature, bakubwa ya Beni batanirudisha hapa kesho, nikusumbue tena."

Komanda akacheka kidogo, akatoka kuvuta sigara chini ya baraza pamoja na askari wake. Syauswa akafunga mlango wa bureau. Paulin akamshika mkono.

"Chef, hapana nipatie kwake. Nifunge. Nipeleke Beni, nihukumiwe, nikufe kwa loi, kwa sheria. Hapana kwake."

"Siwezi. Eko na basoda na bunduki, mi niko na kalamu." Syauswa akaisukuma mikro juu ya meza mpaka ikagusa vidole vya Paulin. "Saa kumi ni saa ya foni. Parokia gani banasikiliza?"

"Mbau. Manguredjipa. Kanyabayonga."

"Anakutafuta juu ya jina moja iko mu kinywa yako. Ikitoka, kukuua hakuna tena kazi kwake. Na Kasonia vile vile."

Paulin akajifuta mkono kwenye koti. Kisha akaishika jinsi alivyoishika kila siku, akaisogeza mdomoni, na sauti yake ya kazi ikamrudia.

"Mbau, Manguredjipa, Kanyabayonga, hapa Butembo. Message kwa bote. Andikeni." Akautazama mlango. "Mimi Paulin njo nilimuua muzee Ananie. Na malori ya Jumamosi, mimi njo nilitangaza saa ya kupita. Aliyenituma ni Komanda Gamaliel. Parlez."

Akaachia mikro, zamu yao ya kusema. Kisha Mbau, mzee mwenye kikohozi, akafanya kama operatari wote wanavyofanya ujumbe ukipokelewa: akaurudia neno kwa neno, jina nalo. Manguredjipa akaurudia, na redio ilikuwa wazi, na ukuta ulikuwa mwembamba. Mlango ukafunguliwa. Komanda alisimama hapo na sigara mkononi, askari wawili nyuma yake, akilisikia jina lake likitoka kwenye sanduku la foni, kwa sauti ya mtu aliyekuwa kilomita mia kutoka hapo.

Kanyabayonga hawakurudia upesi. Jumapili walikuwa wamezika watu tisa. Ikafika sauti ya mwanamke.

"Butembo, hapa Kanyabayonga. Ulisema Komanda Gamaliel. Ni vile? Parlez."

"Ni vile," Paulin alisema.

"Basi narudilia," yule mwanamke alisema, na akaanza.

Askari mmoja alimtazama mkubwa wake, kisha akatazama chini. Kutoka kanisani alikuja Kasonia na gitaa lake begani, kwa kuwa waliokuwa kule walikuwa wamesikia, na njia ya kwenda nyumbani kwake ilipita mlango huo wa nyuma. Alifika mbele ya Komanda akasimama.

"Pardon, commandant," alisema.

Komanda akasogea pembeni, akampisha.